Mfungue Macho

Maiti wa Maureen wanakaa chini ya meza yangu, ndani ya boksi la viatu vya mvua. Jaspal, mwenye duka, hataki waonekane kaunta. Anasema watu wanakuja kupiga picha za pasipoti na viza, wana haraka na wana hofu zao, hawahitaji kukutana na picha ya mtoto aliyekufa enzi za Malkia Victoria, amevalishwa gauni la lesi na kushikishwa ua. Nilimwambia kwamba yule mtoto hamdhuru mtu. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Nakuru, "Valeria, wewe unapenda maiti sana. Weka hiyo boksi chini."

Siwapendi. Ila siwaogopi, na hilo watu wa London hawalielewi. Kwetu Kibosho, kule Moshi, msiba usio na mpiga picha ni msiba wa watu wasiojipanga. Baba alipofariki, mpiga picha alipanda juu ya stuli ili apate jeneza zima, akawa anatuamrisha: ukoo wa baba mbele, wajukuu wapige magoti, shemeji vua kofia. Mama alikuwa analia, lakini alipoambiwa asogee kidogo kushoto, alisogea. Albamu ya siku ile ninayo nyumbani Woolwich, na binti yangu Angel huificha kila marafiki zake wakija. "It's creepy, Mum," ananiambia. Babu yake mzaa mama huyo!

Kazi yangu hapa Queensbury ni kusafisha picha za zamani. Jaspal anapiga za pasipoti na kutengeneza fremu, mimi nakaa nyuma na skana na kompyuta, naondoa ukungu, mikunjo, na madoa ya chai. Wateja wengi ni Wahindi waliotoka Kenya na Uganda, wanaleta picha za harusi za wazazi wao Kisumu na Kampala. Wanasema "rekebisha kidogo tu", kisha wanataka shangazi aliyegombana na ukoo aondolewe kwenye mstari wa pili. Watu hao sina subira nao, na Jaspal ananiomba nisiwaambie.

Maureen ni tofauti. Ni mama wa Kiingereza, mstaafu, anayevaa buti hata kiangazi, na anakusanya picha za wafu kwa ajili ya maonyesho ya maktaba ya mtaa wake. Yeye ndiye aliyenieleza mambo ya watu wale. Zamani zile picha haikupigwa ovyo. Mtoto aliweza kuzaliwa, akatambaa, akaanza kusema maneno mawili matatu, akafa kwa homa, na siku zote hizo hajawahi kukaa mbele ya kamera. Basi alipokufa ndipo mpiga picha alipoitwa, mbio mbio, kabla ya mazishi. Mama alimpakata kwa mara ya mwisho, akatulia. Nywele zikakatwa kidogo zikawekwa kwenye kidani. Picha ikakaa sebuleni, karibu na saa ya mezani, na mgeni aliyeingia hakuuliza swali.

Hasira za Maureen kwa mtandao zinakaribia hasira zangu kwa wateja. Anasema wauzaji wanachukua picha ya mtu yeyote aliyekaza uso, wanadai ni maiti aliyesimamishwa kwa chuma. Ile stendi ya chuma, anasema, ilikuwa ya kumshikilia mtu aliye hai na afya yake ili asitikisike, maana kamera za zamani zilichukua muda kunasa. "Huyu hajafa," ananiambia huku akigonga picha kwa kidole. "Amechoka kusubiri."

Wiki moja nilikuwa na picha ya msichana mdogo mikononi. Amelazwa kwenye kochi, shuka mpaka kifuani, na juu ya kope zake zilizofumba mtu amechora macho kwa brashi. Yamechorwa vibaya. Moja linatazama dari, lingine linatazama mlango. Maureen alinikataza kuyagusa: safisha madoa, ziba nyufa, macho yaache. Nikamuuliza wazazi walifikiri watamdanganya nani kwa macho kama yale.

"Hawakutaka kumdanganya mtu," alisema. "Aliyeomba yachorwe ndiye aliyeyafumba kwa mkono wake."

Neno lile lilinikaa kichwani, na bado nilikuwa nalo Ziyad alipoingia dukani.

Sikumjua jina bado. Niliona mwanamume wa makamo, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, anazunguka zunguka kwenye fremu bila kutazama hata moja. Mimi nilikuwa kwenye simu namgombeza mdogo wangu aliyeko Moshi. Nilipokata, yule bwana akasogea.

"Samahani, dada. Mtanzania?"

"Wa Bara," nikamwambia, maana lafudhi yake nilishaisikia.

"Mie wa Pemba. Wete. Naitwa Ziyad." Akatazama nyuma yake. Jaspal alikuwa anamnyoosha bibi mmoja kwenye stuli ya pasipoti, hakuwa anatusikia. "N'na kazi moja, lakini kazi yenyewe si nzuri."

Akanipa simu. Kwenye kioo kulikuwa na uso wa mwanamume umezungukwa na kitambaa cheupe. Pamba puani. Utepe mweupe umepita chini ya kidevu kushikilia taya. Macho yamefumba vizuri, yamefumbwa na mtu anayejua.

"Kaka'ngu, Muhsin. Kafariki mwezi uliopita. Kiharusi."

"Pole sana, kaka Ziyad."

"Tushapoa. Nataka umfungue macho."

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilidhani nimepata mtu wa aina yangu, mtu anayetaka kumkumbuka ndugu yake bila kuona haya. Nilikaribia kulivuta boksi nimuoneshe kwamba haya mambo hayakuanza naye. Nikamwambia nitaisafisha vizuri, nitaondoa kivuli, lakini macho ayaache yalivyo, kwa sababu ukiweka fremu ukutani macho ya kubandika yatamsumbua kila akipita.

"Si ya ukutani," akasema. "Sie hatutundiki maiti ukutani. Hii ni ya mama."

"Basi mama atapenda kumuona alivyo."

Akaichukua simu yake, akaizima, akaiwasha tena. Ndipo akanieleza, sauti ya chini. Mama yao, Bi Ghalia, ana moyo uliopanuka. Daktari kule Wete amesema asishtuliwe kwa jambo lolote. Kwa hiyo mama hajaambiwa. Ameambiwa Muhsin yuko hospitali, ana mpira kooni, hawezi kusema. Mwanzo alikubali. Lakini Muhsin alikuwa akimpigia kila Ijumaa baada ya sala, hakuwahi kuruka, na sasa Ijumaa zinapita. Mama anasema kama hawezi kusema basi wamtumie picha yake amuone.

"Mtaa mzima unajua," Ziyad akasema. "Dada'ngu Jokha anakaa naye, anajua. Hitma yake ilisomwa nyumba ya tatu kutoka pale, kwa sauti ndogo, asisikie. Mama akapelekewa pilau. Akaambiwa ni ya maulidi."

"Amekula?"

"Kala."

Hapo hasira zikanipanda. Mimi si mtu wa kujificha nikikasirika, hata Jaspal aligeuka kutazama. Nilimuuliza Ziyad kama anasikia anachokisema. Mama mzazi analishwa pilau ya hitma ya mwanawe na kuambiwa ni maulidi! Kwetu taarifa ya kifo haitolewi kwa simu, ni kweli. Wanatumwa wazee, wanaingia, wanakaa, wanaomba maji ya kunywa, na mwenye nyumba akiona wamekuja wengi anajua kabla hawajafungua mdomo. Lakini anaambiwa. Siku hiyo hiyo anaambiwa.

"Na akianguka?" Ziyad akauliza.

"Mungu ndiye—"

"Na akianguka, dada Valeria? Nkimwambia mie, kwa mdomo wangu, akaanguka, ntakuwa nimezika wawili. Utakuja weye kunizikia wa pili?"

Nilivuta boksi, nikamuonesha yule msichana wa macho ya kuchora. Aliangalia mara moja akageuza uso. Nikamwambia maneno ya Maureen, kwamba aliyeomba macho haya ndiye aliyeyafumba. Wazazi wale walijua. Walimwosha wenyewe, wakamvisha, wakamlaza pale. Macho yalikuwa mapambo kama nguo waliyomvisha. Yeye anataka niyafanye ya kaka yake yawe uongo.

"Mie pia nilimwosha mwenyewe," akasema. "Ila mama hakuwepo."

Nikamuuliza kwa nini asitafute picha ya Muhsin akiwa hai, aitume hiyo, aseme ni ya hospitali. Hakuna, alisema. Muhsin alikimbia Pemba kwenye vurugu za maandamano ya Januari, mwaka wa elfu mbili na moja, akapitia Shimoni, Kenya, mpaka akafika huku. Tangu hapo hakukubali kamera, ila ya kitambulisho tu, na hicho kilisharudishwa serikalini alipofariki. Aliamini kuna mahali sura yake inatafutwa. Kwenye harusi alikuwa akikaa jikoni na masufuria, na akilazimishwa kutoka, anaomba simu za watu awapige picha wao. Mama ana picha yake moja ya shule, ana meno ya mbele makubwa. Basi.

"Na hii nani aliipiga?"

"Mie. Tushamkafini, imamu kasema anayetaka kumtazama uso amtazame, tunamfunika. Nkatoa simu. Sijui kwa nini nilitoa. Watu wote walinitazama vibaya."

Akafuta kioo cha simu kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi. Nilimhurumia, na nilikuwa nimemkasirikia bado, vyote viwili kwa pamoja. Alikuwa na uso wa mtu asiyepata usingizi. Nikakubali. Hakunishawishi kwa hoja, ila lile swali lake la nani atamzikia wa pili sikuweza kulijibu, na mtu ukishindwa kumjibu huwezi tena kumfukuza dukani.

Tatizo likawa macho. Naweza kuziba ufa, naweza kurudisha sikio lililoliwa na mende kwa kuiga sikio la pili. Lakini macho ya mtu siyatungi. Nilimwambia Ziyad hivyo.

"Watu walikuwa wakituita pacha," akasema.

Tukatazamana. Nikamwambia, "Kaa kwenye stuli."

Alikaa pale wanapokaa watu wa pasipoti, ukuta mweupe nyuma. Nikapanga taa ianguke kama ilivyoanguka kwenye uso wa kaka yake. Nikamwambia asitabasamu, atazame hapa, asipepese. Alipepesa. Nikapiga tena, akatazama chini. Nikapiga tena na tena, na kila picha Ziyad alikuwa anatazama kama mtu aliyeitwa ofisi ya mwalimu mkuu. Mwisho nikapata moja ambayo macho yamefunguka sawasawa, yote mawili kwenye lenzi. Jaspal alikuja akachungulia.

"Hiyo ni sawa," akasema. "Hiyo hata watu wa viza wa Home Office hawangerudisha."

Niliifanya kazi ile siku mbili zilizofuata, katikati ya kazi nyingine. Niliondoa pamba. Niliondoa utepe wa kidevuni, nikafunga mdomo vizuri. Rangi ya ngozi niliipandisha kidogo. Sanda niliigeuza ikawa shuka la hospitali lililofunika koo ili mpira usiulizwe, nikaiwekea na mshono pembeni na kivuli cha mto. Hapo nilisimama, nikaenda kunywa maji, maana niliona ninachokifanya. Kisha nikaweka macho.

Yalikaa. Sitajidai sikuona kwamba ni kazi nzuri. Muhsin alikuwa ananitazama kutoka kwenye mto wa hospitali, mgonjwa, mchovu, hai. Yule msichana wa Maureen alikuwa amechorewa macho ambayo hata mbuzi asingeyaamini, na mimi nilikuwa nimeweka macho ambayo mama mzazi angeyaamini. Nilimuonea wivu yule mchoraji mbovu. Jaspal alisimama nyuma yangu, akasema, "Amefufuka, ama?" halafu akarudi zake mbele bila kucheka.

Ziyad alikuja Alhamisi, saa yake ya chakula cha mchana. Nilimgeuzia kioo cha kompyuta. Aliweka mkono juu ya kaunta akauacha pale.

"Huyu Muhsin," akasema. "Huyu Muhsin kabisa."

Nikamtumia kwenye simu yake. Nilimshauri asiitume kwanza, aende nyumbani, atulie, afikirie. Alisema nyumbani atashindwa, bora hapa penye watu. Akaituma kwa Jokha, ambaye ndiye angemuonesha mama. Alama mbili zikaonekana, zikageuka bluu. Jaspal alikuwa anakata picha za pasipoti kwa kile kikatio chake, tak, tak, akaacha kukata.

Simu ikaita. Ya video, na haikuwa ya Jokha. Ilikuwa ya mama mwenyewe, ile simu ambayo Muhsin alikuwa akimpigia.

"Ntamwambia mtandao mbaya," Ziyad akasema.

"Chukua simu," Jaspal akamwambia. "Ni mama yako."

Akaipokea, akaiegemeza kwenye kibao cha bei za fremu. Nilimuona Bi Ghalia. Mwanamke mwembamba, miwani, mtandio mweupe wa kusalia, ameketi kwenye mswala. Simu moja ameishika mbele yake, na mkono wa pili ana simu ya Jokha yenye ile picha. Jokha alikuwa nyuma yake, nusu uso.

"Ziyad."

"Naam, mama. Umeiona?"

"N'meiona. Hebu nitazame."

"Nakutazama, mama."

"Nitazame sawasawa."

Aliinua simu ya pili akaiangalia, akarudi kumwangalia Ziyad, akaiangalia tena. Hakuwa na haraka. Nilianza kuelewa kabla Ziyad hajaelewa, na nikatamani niingie chini ya meza na boksi langu.

"Macho haya ya nani?" akauliza.

"Ya Muhsin, mama. Ana homa kidogo, ndo maana—"

"Muhsin hajapata kunitazama hivi. Muhsin akifanya kosa alikuwa akinikodolea, mpaka nacheka mie, namwacha. Anayenitazama hivi ni weye. Tokea mdogo. Ukivunja kitu ndani ya nyumba unakuja unasimama, unanitazama macho haya haya." Akaisogeza ile picha karibu na simu, ikajaa kwenye kioo chetu. "Mie niliyewavyaa nyote wawili. Macho yako yanafanya nini usoni mwa Muhsin?"

Ziyad alijifunika macho kwa kiganja.

"Mwanangu keshakufa?"

Ningeweza kusema mimi. Nakiri ulimi uliniwasha, maana mimi kunyamaza kunanishinda. Lakini halikuwa neno langu. Jaspal alikuwa amevua miwani yake.

"Keshakufa, mama," Ziyad akasema.

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Jumatano, alfajiri."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Tulimtazama wote, Ziyad akiwa amekamata ukingo wa kaunta, tukisubiri kile alichokuwa akikiogopa. Bi Ghalia aliweka simu ya Jokha kwenye mswala. Akavuta pumzi, akaitoa. Akavuta nyingine. Nyuma yake Jokha aliangua kilio.

"Nyamaza, Jokha," mama akasema, bila kugeuka. "Weye wa nini kulia leo, weye ulikuwa unajua." Kisha akauliza, "Ile pilau?"

Ziyad akainamisha kichwa.

"Nliuliza, maulidi ya nani mwezi huu? Nkaambiwa ya watoto wa chuo cha Kurani. Nkala. Nkasema tamu, nkamuombea dua aliyeipika. Kumbe nakula hitma ya mwanangu. Nyumba ya tatu pale watu wanamsomea, na mie nimekaa hapa nachambua mchele."

"Tulihofia moyo wako, mama."

"Moyo huu umevunjika Ijumaa ya kwanza asiyopiga. Mlikuwa mnauficha nini? Mmeniacha nilie peke yangu usiku, nikijiuliza nimemkosea nini mwanangu hata hataki kusema na mie. Mmenidhulumu msiba wangu, Ziyad."

Alilia hapo, Ziyad. Mtu mzima na kitambulisho chake cha kazi, alilia mbele ya fremu zetu. Sikumuonea haya, nami nilikuwa nalia. Mteja mmoja alisukuma mlango, Jaspal akamwambia tumefunga, na saa ilikuwa saa saba na kitu mchana.

Mama alimwacha alie. Kisha akauliza, "Aliyetengeneza picha yupo hapo?"

Ziyad akaigeuza simu kwangu. Nilijifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa bara weye?"

"Ndiyo, mama. Moshi."

"Mikono yako mizuri, mwanangu. Haya, yale macho mrudishie mwenyewe. Na mie nipe wangu alivyo."

Nilimtazama Ziyad. Akatikisa kichwa kukubali. Ile picha ya kwanza ilikuwa bado kwenye simu yake. Aliitafuta mwenyewe, akaituma mwenyewe. Tukasikia simu ya Jokha ikilia kule kwenye mswala.

Bi Ghalia aliiokota. Alivua miwani, akaisogeza picha karibu, karibu kabisa. Tulimuona paji la uso tu na mtandio. Aliitazama muda ambao mimi nisingeweza kuitazama ya baba yangu, na mimi nina albamu.

"Nani kamwosha?"

"Mie, mama. Mie na jamaa wawili wa msikitini."

"Huko baridi. Maji yalikuwa baridi?"

"Hayakuwa baridi. Yalikuwa vuguvugu. Nliyajaribu kwa mkono kwanza."

"Hapa mkononi?" Akaonesha upande wa ndani wa kifundo cha mkono.

"Hapo hapo, mama."

"Vyema. Ndivyo nlivyokuwa nkimkogesha." Akaendelea kutazama. "Macho mmeyafumba vizuri." Akasoma maneno kwa sauti ya chini, midomo inatembea, sikuyasikia. Alipomaliza akapitisha kiganja usoni mwake.

"Haya," akasema. "N'shamuona. Mfunike."

Sikuelewa. Ziyad alielewa papo hapo. Aliirudia simu yake, akazifuta picha zote mbili, na kule mama akamrudishia Jokha simu yake akamwambia azifute nazo. Ndipo Ziyad akanigeukia. Ndugu wa maiti wanaitwa wamtazame uso, akanieleza, wakishamtazama sanda inafungwa, na ikishafungwa haifunguliwi. Mama hakuwepo siku ile. Leo ameitwa, ametazama.

"Imebaki kwako, dada Valeria."

Kwangu zilikuwa mbili, ya pamba na ya macho. Ile ya macho niliifuta bila kufikiri, nilishaichoka. Lakini ile nyingine niliionea uchungu. Mimi ni mtu wa albamu. Nimetumia miaka kurudisha nyuso za watu ambao hata wajukuu zao hawakumbuki majina yao, na miguu yangu ilikuwa inagusa boksi lililojaa wafu ambao mama zao hawakukubali kuwafunika, na siwalaumu hata kidogo.

"Ukiifuta hii, zaidi ya ile ya shule hakuna nyingine," nikamwambia. "Hutakuwa na sura yake tena."

"Najua."

"Unaweza ukajuta."

"Dada Valeria. Mama anangoja."

Alikuwa anangoja kweli. Alikuwa amekaa pale pale, miwani mkononi, anatutazama. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika, kwa sababu faili likishafutwa halirudi. Nilimtazama Muhsin mara moja zaidi, uso wake wenyewe, uliotulia, ambao nilikuwa nimeuharibu kwa siku mbili. Nikamfunika.

"Tayari?" Bi Ghalia akauliza.

"Tayari, mama," Ziyad akasema.

"Haya. Jokha, toa mikeka, itandike nje. Yote. Kisha kawaambie majirani waje sasa, n'na msiba."

Simu hakuikata. Aliilaza kwenye mswala, tukabaki tunatazama dari ya nyumba ya Wete, tukisikia mikeka inavyoburutwa. Jaspal alileta kiti kutoka nyuma akakiweka karibu na kaunta, Ziyad akakaa. Baada ya muda tukasikia mlango kule, na sauti ya mwanamke wa kwanza akiingia.